Baiskeli ya mtu mmoja: babu na bibi yangu baada ya Vita vya Kagera (uzi mrefu)

Mjukuu wa Kyaka (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila Novemba ikikaribia humu tunasoma habari za vita vya Amin. Nazisoma zote: mizinga ya roketi, zile saba saba, ilivyolia, Lukaya palivyowaka moto, Masaka ilivyochukuliwa, hadi Kampala kuanguka Aprili 11, 1979. Baba zetu walifanya kazi kubwa, heshima yao iko palepale. Ila kuna jambo sijaona mtu akiliandika. Vita viliisha, watu wakarudi vijijini. Mume na mke waliopotezana mabomu yakianguka, walirudije kulala chini ya paa moja?

Nitasimulia ya babu na bibi yangu, wazazi wa baba. Wote wametangulia mbele za haki. Habari hii nimeipata kwa bibi mwenyewe, jioni tukimenya ndizi, na kwa shangazi ambaye wakati ule alikuwa na miaka minane. Majina na kijiji naviweka kando. Jueni tu ni kaskazini ya mto Kagera, ile sehemu ya maili za mraba 710 ambayo Amin alijitangazia kuwa ni yake.

Jumatatu ya Oktoba 30, 1978, alfajiri, mizinga ilianza kulia upande wa Mutukula. Siku za nyuma milio ya hapa na pale ilikuwepo na watu walishaanza kuizoea. Ya siku hiyo haikunyamaza. Kufika saa nne asubuhi njia ya kwenda darajani Kyaka imejaa watu, mbuzi, magodoro, watoto wamebebeshwa kuku waliofungwa miguu.

Nyumbani kwa babu walikuwa sita: babu, bibi, mama yake babu, shangazi, baba yangu wa miaka mitano, na kichanga wa kike wa miezi saba. Mama yake babu alikuwa na goti bovu. Kwa fimbo anafika kisimani, zaidi ya hapo hafiki. Na chombo cha usafiri ni baiskeli moja.

Babu akampandisha mama yake kwenye keria. Akachukua kanga ya bibi iliyokuwa imeanikwa, akamfunga nayo mzee na kuizungushia kiunoni mwake mwenyewe ili asidondoke. Akamwambia bibi: "Ingia na watoto migombani, msikae ndani. Namvusha mama, narudi kabla jua halijazama."

Bibi alikuwa akinieleza alichobaki kukiona: mgongo wa mama mkwe, mbele yake mgongo wa mume wake, na kanga yake ikiwafunga hao wawili pamoja.

Babu hakurudi. Alimvusha mama yake, akamwacha kwa watu upande wa kusini, akageuza baiskeli. Darajani watu wote walikuwa wanakuja upande mmoja, yeye peke yake anaenda wa pili. Akarudishwa. Akajaribu tena usiku, akarudishwa. Kulipopambazuka ikasemwa askari wa Amin wameshafika mtoni, na Novemba 3 wakalilipua daraja lenyewe. Akabaki ng'ambo anaangalia moshi.

Naendelea jioni nikitoka kazini.

Fundi Saa

Mkuu nimekaa nasubiri. Ila niseme langu kabla. Babu yako hakukosea. Mke ana miguu, watoto wawili wana miguu, kichanga anabebwa mgongoni. Mama hana mguu. Ukimwacha mama yako afe ndani ili umuokoe mkeo, utaishije? Mke mwenye akili angelielewa hilo siku ileile.

Dada wa Pwani

Fundi Saa, hebu piga hesabu vizuri. Mwanamke akikaa kwenye keria na kichanga mgongoni, hao ni wawili. Mtoto wa miaka mitano anakaa kwenye bomba la mbele, watatu. Anabaki wa miaka minane akimbie pembeni. Baiskeli hiyohiyo ingewatoa wanne. Yeye akaondoka na mmoja.

Mjukuu wa Kyaka

Dada, umenishtua. Hiyo hesabu yako ndiyo hesabu ya bibi, neno kwa neno. Keria, mgongo, bomba la mbele, na shangazi pembeni akimbie. Aliniambia aliipiga miaka mitatu, usiku na mchana, akilima anaipiga, akifua anaipiga. Babu yeye alikuwa na jibu moja tu, kwamba baiskeli ilikuwa ya mtu mmoja.

Mjukuu wa Kyaka

Sehemu ya pili.

Bibi alikaa migombani siku mbili. Hakuondoka kwa sababu aliambiwa asubiri. Hili naomba mlishike, maana watu wengi kijijini baadaye walisema "mbona hakukimbia na wenzake". Aliambiwa mume anarudi kabla ya jua kuzama, na yeye alikuwa mke anayeamini. Usiku wa pili wakapita majirani wawili wanawake wakamwambia nyumba za upande wa barabara zimeshaanza kung'olewa mabati na ng'ombe wanaswagwa kuelekea Uganda. Ndipo akanyanyuka.

Walitembea usiku, mchana wakalala kwenye mafunjo kando ya mto. Maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, mbu usiseme. Moto hauwashwi kwa sababu moshi unaonekana. Ndizi mbichi zilizowasha ulimi ndizo walizokuwa wakitafuna.

Na sasa nifafanue kidogo kwa wasio wa kwetu. Novemba ni msimu wa senene. Ni panzi wa kijani wanaoruka usiku kwa makundi makubwa, wakianguka kijiji kizima hakilali. Kwetu Uhayani senene si kitoweo tu. Zamani mwanamke ndiye aliyewaokota, akawachambua mabawa na miguu, akawakaanga, akampelekea mume wake. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwala. Na mume akishapokea senene wa mke wake ana deni: lazima amnunulie nguo mpya. Mwanaume aliyekula senene na mke akabaki na nguo ya mwaka jana, huyo alisemwa hadi msimu mwingine.

Basi usiku mmoja wakiwa kwenye mafunjo, senene wakaanguka. Shangazi anasema walikuwa wengi hata majani yakawa yanainama. Bibi akaokota gizani, akachambua kwa kupapasa, na kwa sababu hakuna moto akawalisha watoto wabichi. Akala na yeye. Aliniambia: "Ndiyo mara ya kwanza senene kupita kooni kwangu. Nikawa nawaza, hawa ni wa nani?"

Walivuka kwa mtumbwi wa mvuvi, usiku, wakilala chini kabisa. Kusini ya mto akauliza habari za mume wake. Akaambiwa amejiunga na mgambo, wamepelekwa kambini. Mama mkwe yuko salama kwa ndugu. Bibi hakwenda kumwona. Akaendelea na safari hadi kwao Ihangiro, wilaya ya Muleba, kwa kaka yake.

Kichanga alishaanza kukohoa mtoni. Alifariki wiki ya pili baada ya kuvuka. Kaka yake bibi akachimba kaburi kwenye kibanja chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba.

Wahaya wenzangu mnajua uzito wa hilo. Mtoto ni wa ukoo wa baba, analala kwenye kibanja cha baba. Kumzika kwa wajomba ni kama kumwacha ugenini. Lakini kibanja cha baba kilikuwa nyuma ya mto, daraja limelala majini, na baba mwenyewe yuko vitani. Ungemzika wapi?

Mkulima Halisi

Poleni sana. Hapo kwa mtoto nimeweka simu chini kwanza.

Mstaafu 79

Vijana, shikamooni hamniamkii lakini nawasalimu. Mimi nilikwenda. Nilikuwa mgambo, nikavushwa mto Novemba hiyohiyo wakati wa kuwaondoa, kisha Mutukula Januari 1979, kisha mbele. Sitaeleza vita, wengine wameeleza. Naeleza alichobeba babu yako kichwani, kwa sababu na sisi wengine tulikibeba.

Tulipovuka kurudi upande wa kaskazini, wale wenzetu wenyeji wa huku ndio tuliowaonea huruma. Sisi wa Mara, wa Singida, wa Songea, nyumba zetu ziko mbali, zina paa. Wao wanapita mbele ya nyumba zao wenyewe na bunduki begani. Milango hakuna, mabati hakuna, kuku hakuna. Mmoja katika kikosi chetu aliomba ruhusa dakika kumi, akaingia kwenye migomba yake akiita majina ya watoto. Aliita jina moja moja, anasikiliza, anaita lingine. Akarudi mstarini. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Barua zilikuwepo lakini zilichukua miezi, na nyingine zilikuandama tu ukiwa umeshahamishwa. Habari za nyumbani tulizipata kwa mtu aliyekutana na mtu. Kwa hiyo mtu anaambiwa "mwanao amefariki" barabarani, amesimama, wenzake wanajaza maji chupani, na baada ya robo saa anatakiwa kutembea.

Tuliporudi tulipokewa kwa ngoma. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hakuna aliyetufundisha namna ya kuingia ndani kwako. Mimi mke wangu alikuwa ananisubiri na bado nililala wiki tatu sakafuni, kitandani sipati usingizi. Mwenye mke asiyemsubiri sijui alilala wapi.

Mjukuu wa Kyaka

Mzee wangu shikamoo sana. Ahsante kwa kuandika. Babu alipewa habari ya mtoto hivyohivyo, Masaka, na mtu wa kijiji cha jirani. Na habari yenyewe ilimfikia nusu: kwamba mtoto amekufa na amezikwa Ihangiro. Hakuambiwa mafunjo, hakuambiwa siku mbili za kusubiri. Kwa hiyo na yeye akaanza kuweka kinyongo chake. Akasema moyoni, huyu mwanamke amepita karibu na mama yangu asimwamkie, amekwenda kwao, amemzika mwanangu kwa wajomba bila kunitumia neno.

Alimwandikia barua moja. Shangazi aliiona, karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyemsomea bibi, maana yeye hakusoma. Fikirieni barua ya mume kwa mke inasomwa na mwalimu, kaka mtu amekaa, shemeji amekaa, watoto dirishani. Babu asingeweza kuandika neno la ndani humo. Aliuliza afya, akauliza kaburi liko upande gani wa nyumba, akasema baiskeli ipo. Bibi aliposikia "baiskeli ipo" akainuka akaenda shamba. Hakujibu.

Mimi naamini alimaanisha "nitakuja kuwachukua". Kwa sikio la bibi lilikuwa tusi.

Fundi Saa

Nimesoma yote tangu jana. Naomba niondoe lile neno la "mke mwenye akili". Sikujua alisubiri siku mbili.

Mjukuu wa Kyaka

Umefanya jambo la kiungwana, mkuu.

Sehemu ya tatu.

Babu alirudi kijijini mwishoni mwa 1979. Akakuta kuta zimesimama na anga ndani. Kibanja kimeota magugu, migomba imeangukiana, mibuni imeshikwa na mimea ya kutambaa. Akaezeka kwa nyasi, akamleta mama yake, wakaanza upya. Wakati huo nchi nzima tumeambiwa na Mwalimu Nyerere tufunge mikanda miezi kumi na minane. Sabuni, sukari, chumvi, nguo, vyote foleni na mara nyingi unafika mwisho wa foleni vimeisha.

Mwanzoni mwa 1980 wazee wa ukoo wakaenda Ihangiro kuchukua watoto. Ndivyo ilivyokuwa, watoto ni wa ukoo wa baba, na kaka mtu hakuwa na ubishi. Bibi hakulia mbele yao. Aliwafungia watoto ndizi za kuchoma za njiani, akamsuka shangazi nywele, akawasindikiza hadi barabarani.

Alivumilia miezi minne. Kisha na yeye akaja kijijini, lakini hakwenda kwa mume. Kulikuwa na mjane, mmoja wa wale majirani wawili wa usiku ule, akampa chumba na sehemu ya kulima. Kutoka kwa mjane hadi kwa babu ni vibanja vitatu. Ukikohoa usiku kule unasikika huku.

Wakaishi hivyo mwaka mmoja na nusu.

Hakukuwa na ugomvi. Watu wa nje mngepita mngesema ni majirani wema. Watoto walikula kwa bibi yao mzaa baba na jioni wakaenda kwa mama. Bibi akikutana na babu njiani anapiga magoti kumwamkia, kama mwanamke yeyote wa Kihaya wa enzi hizo anavyomwamkia mwanaume wa heshima. Babu aliwahi kumwambia baba yangu kwamba yale magoti ndiyo yaliyomuuma kuliko kitu chochote. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Mara moja alijaribu kwenda. Alivaa shati safi akaenda kwa mjane jioni. Bibi akamkaribisha, akamwekea kigoda, akaingia ndani, akatoka na kahawa.

Kwa wasiojua: kwetu mgeni akifika hupewa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na maganda yake. Ni heshima kubwa, ila ni heshima ya mgeni. Mwenye nyumba akirudi kwake haletewi kahawa. Anaulizwa kama amekula.

Babu alizitazama zile punje. Akachukua mbili, akatafuna, akashukuru, akaaga. Hakurudi tena.

Binti wa Karagwe

Jamani hiyo kahawa. Kuna watu humu hawataelewa, mimi nimeelewa hadi kwenye mifupa.

Dada wa Pwani

Nimeelewa na mimi wa Pwani. Naomba kuuliza, mama mkwe alikuwa wapi muda wote huo? Yeye ndiye aliyepandishwa baiskeli. Hakusema lolote?

Mjukuu wa Kyaka

Hapo ndipo nilipotaka kufika, dada.

Sehemu ya mwisho.

Bibi mzaa babu, nimwite Nyanya Mkubwa, alinyamaza kwa sababu ya aibu. Mzee aliyeokolewa akaishi, na mjukuu wa miezi saba akafa: atasema nini? Shangazi alilala naye kitanda kimoja miaka hiyo. Anasema usiku alikuwa akiamka, anakaa, anajishika goti, anaongea na goti lake kama mtu anayemgombeza mtoto.

Mwaka 1981, nadhani ni Oktoba kwa jinsi shangazi anavyohesabu, asubuhi moja Nyanya Mkubwa akachukua fimbo akatoka. Vibanja vitatu vilimchukua hadi jua likapanda. Shangazi alimfuata nyuma bila kuonekana. Alipofika kwa mjane, bibi akatoka mbio kumpokea, akaleta kigoda. Mzee akakataa kigoda. Akakaa chini, kwenye nyasi zilizotandikwa karibu na mlango, mahali anapokaa mkamwana akija kwa wakwe. Bibi akapiga kelele: "Mama, inuka, unanilaani!" Hakuinuka.

Akasema maneno ambayo shangazi huyarudia hivihivi: "Mwanangu, ni mimi niliyeipanda ile baiskeli. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na mikono ya kujishikilia mlangoni. Niliogopa kufa. Mwanangu hana kosa, mwenye kosa ni mimi niliyetaka kuishi."

Bibi hakumjibu. Akaenda kuchota maji, akayapasha, akamkanda goti. Wakakaa hadi mchana. Bibi aliniambia siku ile ndiyo alisimulia kwa mara ya kwanza habari za mafunjo, zile siku mbili, ulimi uliowashwa, mtumbwi, kikohozi. Alimsimulia mama mkwe, si mume. Na mama mkwe akarudi nyumbani na habari hiyo akampa mwanawe. Kwa njia hiyo ndipo babu akajua alisubiriwa siku mbili.

Mnisamehe, hapa huwa nasimama kidogo. Miaka mitatu mtu anadhani mke wake alikimbia tu na wengine.

Novemba ikafika, senene wakaanguka. Kijiji kizima nje na vikapu, watoto wanakimbizana, taa za chemli kila upande. Bibi aliokota hadi alfajiri. Akachambua, akakaanga wakawa wekundu wa kupendeza, akawafunga kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni. Akamwita baba yangu, sasa ana miaka minane, akamwambia: "Mpelekee baba yako. Mwambie hawa ni wa mwaka ule."

Baba yangu alifikisha ujumbe kama alivyotumwa, hakuelewa. Anakumbuka babu alilifungua jani, akalifunga tena, akakaa nalo mapajani muda mrefu. Kisha wakala pamoja, babu, baba, na Nyanya Mkubwa akala pia. Ile miiko ya wanawake ndani ya nyumba yetu ilikwisha siku hiyo, na shangazi akaanza kula waziwazi.

Sasa deni. Nguo mpya, mwaka 1981, kijijini. Duka la ushirika halina hata kipande. Babu alikwenda Bukoba mara ya kwanza, akapanga foleni tangu usiku, zikaisha mbele yake. Mara ya pili akaambiwa alete kibali. Nguo zilizokuwepo ni za magendo zilizopita mpakani, na bei yake ilikuwa ya watu wenye pesa. Kahawa yake ilikuwa haijarudia hali yake tangu vita. Kitu cha thamani alichokuwa nacho ni kimoja.

Mara ya tatu aliondoka na baiskeli akarudi kwa miguu. Siku mbili njiani.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane, vumbi hadi magotini, gazeti lililofungwa kamba chini ya kwapa. Bibi alikuwa uani anaanika maharage. Akapiga magoti kumwamkia kama siku zote. Babu akampa lile gazeti kwa mikono miwili. Ndani doti ya kanga, na kipande cha sabuni ya kufulia alichoongezewa na mnunuzi.

Bibi hakuitazama kanga. Alitazama nyuma yake, njiani.

"Baiskeli iko wapi, baba watoto?"

"Nimeiuza."

Bibi akaendelea kutazama njia. Shangazi anasema maharage yalikuwa yanamwagika kwenye ungo na yeye hana habari.

Kisha akasema: "Umekula?"

Binti wa Karagwe

Nalia hapa kazini. Umekula!

Mkulima Halisi

Mkuu, tangu nimejiunga humu sijasoma uzi nikaona haya kuandika. Nashukuru tu.

Fundi Saa

Swali moja kama hutojali. Baada ya hapo waliwahi kuliongelea? Namaanisha babu aliwahi kusema "nisamehe"?

Mjukuu wa Kyaka

Kwa mdomo hapana, kwa ninavyojua. Alichofanya, mwaka uliofuata walikwenda wote wawili Ihangiro, kwa mabasi na kwa miguu. Ukoo ulitaka mifupa ihamishwe, babu akakataa. Akasema mtoto ameshazoea pale. Alipanda mbuni kichwani pa kaburi na kaka yake bibi akawa anautunza. Wilaya hiyohiyo ya Muleba ndiko Kaboya, walikolazwa mashujaa wetu wa vita vile, na babu kila akipita kwenda kuwasalimia wenzake wa kikosi alikwenda kwanza kwenye ule mbuni. Nimewahi kuokota kahawa yake mwenyewe, nilipokuwa darasa la tano.

Na walikuwa na maisha ya kawaida, wakuu, msije mkadhani ilikuwa asali tupu. Walizozana juu ya chumvi, juu ya mbuzi wa jirani. Babu hakununua tena baiskeli, hata baba yangu alipotaka kumnunulia alikataa. Walikwenda kila mahali kwa miguu, yeye mbele, bibi nyuma, na mara nyingi alikuwa anasimama kumngoja.

Mstaafu 79

Mjukuu, nimemsomea mke wangu uzi wote. Ameniagiza niulize. Ile kanga ya kwenye gazeti ilikuwa imeandikwa nini?

Mjukuu wa Kyaka

Mzee wangu, nimempigia shangazi sasa hivi. Anayo, iko kwenye sanduku lake, bibi alimwachia. Nimemwomba aifungue anisomee. Ameniambia bibi aliivaa mno, maandishi yote yamefutika kwa kufuliwa, imebaki pindo tu.